Mama Mkasi na Mkono Uliovimba

Kila asubuhi duka la ushonaji liliamka kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mlango wa bati. Ya pili ilikuwa ya wifi yake fundi, akimweleza kila mpita njia jinsi alivyolala. Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifagia nyuzi za jana, akapangusa meza ya kukatia, kisha akatandaza kitambaa na kukilainisha kwa kiganja, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Mtaani walimwita Mama Mkasi. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, ila lilibaki la kuandikia karatasi tu. Mafundi wengine hupima, huchora, hufuta, huchora tena. Yeye alimzungusha mteja mara moja, akapima, akapiga mistari michache ya chaki, na mkasi ukaingia kazini. Nguo ikitoka, inakaa mwilini kana kwamba imezaliwa hapo.

"Wewe hukati nguo," wifi yake alizoea kumwambia. "Unamkata mtu, halafu nguo inafuata."

Wifi alikuwa dada wa mume wa fundi. Kazi yake dukani ilikuwa vifungo, pindo na pasi. Mume mwenyewe alitengeneza baiskeli nje, ubavuni mwa duka, na kila dada yake alipozidisha maneno, aligonga chuma kwa nguvu zaidi.

Miaka kadhaa nyuma, Mama Mkasi aliugua saratani ya titi, upande wa kulia. Madaktari walimfanyia upasuaji. Waliondoa titi, wakaondoa na tezi za kwapani. Baadaye alipewa dawa, akapigwa mionzi, na akapona. Siku ya kuruhusiwa aliambiwa mambo mengi kuhusu kuutunza mkono wake. Lakini mtu aliyetoka kwenye mdomo wa kifo husikia neno moja tu: umepona, nenda nyumbani. Mengine yote yalimpita.

Sasa mkono ule ulianza vituko. Mwanzoni bangili ilikataa kutoka. Baadaye mkono wa gauni ukambana, upande mmoja tu. Alipobonyeza ngozi kwa kidole, alama ya kidole ilibaki, kama kwenye unga uliokandwa. Jioni mkono ulikuwa mzito, kama umevaa koti lililolowa maji. Mama Mkasi alijitupia mtandio begani, akaufunika. Aliogopa kuuliza. Aliona akiuliza, ataambiwa ile saratani imerudi.

Ndipo alipokuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, amebeba jora la kitambaa cha buluu na utepe wa rangi ya dhahabu. Bendi ya shule ilitaka makoti. Siku ya kufungua madarasa mapya, watoto wangepita mbele ya wazazi wote wakipiga ngoma na tarumbeta. Mwalimu alisema kitambaa kile kimetoka mbali, na kikiharibika hakuna kingine.

"Sitaki kikatwe na mtu anayejaribu," alisema. "Nimekuja kwako kwa sababu ya mkono wako."

Mama Mkasi alipokea jora kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha chini ya mtandio.

Siku hiyo alikaa akafikiri, na alifikiri kama fundi. Sketi ikishuka, unaitia mpira kiunoni. Basi kama kuna maji yanateremka kutoka begani na kuujaza mkono, dawa ni kuyazuia kule juu. Akachukua kitambaa kinachovutika, akajishonea mkono wa kubana, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kwapa. Juu kabisa akatia mpira mpana, ule mgumu wa kwenye suruali za kazi. Akautia mara mbili. Mshono ulinyooka kama mstari wa rula.

Wifi aliutazama akatikisa kichwa. "Hata ugonjwa wako umevaa vizuri kuliko sisi."

Mama Mkasi alicheka. Kwa kweli alijivunia mshono wake.

Lakini kila siku iliyopita, kiganja kilizidi kufura. Kikawa kama mkate uliotiwa hamira ukasahauliwa. Wifi akapasha mafuta, akaukanda mkono kwa nguvu zake zote, kama anakamua nguo nzito. Maumivu yakaongezeka. Hatimaye asubuhi moja Mama Mkasi alitandaza kile kitambaa cha buluu, akashika mkasi, na vidole havikuingia kwenye matundu yake.

Alijaribu tena. Alijaribu kwa kuvisukuma. Kisha akajaribu mkono wa kushoto, juu ya gazeti, na gazeti likachanika kama limeng'atwa na panya.

Wifi aliona yote. Kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alisema taratibu kwamba kitambaa kipelekwe kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Si vibaya, kila mtu huchoka.

"Akikikata yeye," alijibu Mama Mkasi, "mimi nitabaki nani?"

 Wifi akamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Mkasi akakunja kitambaa na kukirudisha kabatini.

Kesho yake, akishona kifungo kwa vidole vile vinene, sindano ilimchoma. Hakujali. Fundi gani hajachomwa na sindano? Lakini siku iliyofuata mkono ulikuwa mwekundu na moto, na mwili wote ukamtetemeka kwa homa. Mume wake aliingia, akamgusa, akatoka. Alimpakia kwenye baiskeli ya mteja, ile yenye kiti cha nyuma kizuri, akamkokota mpaka hospitali.

"Mwenye baiskeli atatusamehe," alisema njiani. "Na nyingine zote hazina breki."

Hospitalini daktari alimvua ule mkono wa mpira kabla hata ya kuuliza jina. Alisema wadudu wameingia kwa tundu la sindano. Mkono uliovimba namna hii haujilindi vizuri, kwa hiyo kidonda kidogo hugeuka kuwa jambo kubwa. Alimpa dawa za kuua wadudu hao. Akamwonya azimalize hata akijisikia nafuu. Akampima pia kuona kama kuna damu iliyoganda kwenye mishipa, na kama saratani imerudi. Mama Mkasi alisubiri majibu amekaa wima.

Hakukuwa na damu iliyoganda. Saratani haikuwa imerudi.

"Uvimbe huu unatokana na ule upasuaji," daktari alisema. "Huweza kuja hata baada ya miaka. Moto ukishatoka mkononi, nenda chumba cha mwisho cha ukumbi huu. Kuna mtaalamu wa uvimbe wa namna hii."

Moto ulipotoka, Mama Mkasi alikwenda, na wifi akamsindikiza. Chumba kilikuwa na kitanda chembamba, kioo kikubwa, na rafu zilizojaa bendeji zilizoviringwa. Mtaalamu alikuwa mwanamke kijana, kucha zake fupi. Alisema shikamoo kwa wote wawili, kisha akaomba kuona kile alichokuwa akivaa mkononi.

Mama Mkasi alikitoa mkobani. Mtaalamu hakucheka. Alikigeuza ndani nje, akakagua mshono.

"Nani kashona?"

"Mimi. Nizuie maji yanayoteremka kutoka begani."

"Kazi safi. Ila mama, umejishonea kitanzi."

Akachukua karatasi, akachora mkono na mistari myembamba inayopanda juu. Alieleza kwamba mwilini, mbali na damu, kuna majimaji mengine yanayoitwa limfu. Yanakusanywa na vijishipa vidogo vilivyo karibu sana na ngozi. Vijishipa hivyo huyapandisha mpaka kwenye tezi za kwapani, na tezi huyasafisha yarudi kwenye damu.

"Sasa tezi zako nyingi za kwapani ziliondolewa," alisema. "Mionzi nayo ilikaza njia zilizobaki. Maji hayateremki kutoka begani, mama. Yanataka kupanda. Njia imekuwa nyembamba, na wewe ukaja ukaifunga kwa mpira."

Mama Mkasi alifuata mistari ya mchoro kwa kidole. Akilini alikuwa anaona gauni la mtoto, lile lenye mikono inayofura. Unatia mpira mahali, na chini ya mpira nguo inajaa.

"Nimejifurisha mwenyewe," alisema. "Kumbe kinatakiwa kibane zaidi huku chini kiganjani, halafu kilegee kadiri kinavyopanda."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. "Wengine nawaeleza mara tatu ndipo waelewe."

Basi Mama Mkasi akauliza kama atapona. Mtaalamu hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema huu si ugonjwa wa kupona ukausahau. Ni hali ya kutunza, siku zote. Ukiitunza, uvimbe hupungua na kubaki chini. Ukiiacha, ngozi hukakamaa na homa zile hurudi.

"Na kukata?" aliuliza Mama Mkasi. "Nitakata tena?"

"Mkono ukipungua, na ukafuata masharti, sioni cha kukuzuia. Lakini mimi nina sehemu yangu, na wewe una kubwa zaidi."

Matibabu yakaanza. Kwanza mtaalamu alimchua. Mama Mkasi alijiandaa kwa maumivu, lakini mikono ya yule dada ilipita juu ya ngozi kwa wepesi, kama mtu anayepangusa vumbi kwenye hariri. Tena hakuanza mkononi. Alianza shingoni, kisha kwapa la upande wa pili, ule mzima. Alisema njia ya hapa ikiziba, unafungua kwanza kwa jirani, halafu ndipo unayaelekeza maji kule.

Wifi, kwenye kiti chake, alinong'ona kwamba yeye angekanda vizuri zaidi.

"Ukikandamiza, dada, unavifinya hivyo vijishipa na kuviumiza," mtaalamu alimwambia. "Na mafuta ya moto huongeza uvimbe."

Wifi akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Alikitafuta kwa muda mrefu.

Baada ya kuchua, mtaalamu alipaka losheni ili ngozi isipasuke. Akavisha soksi nyepesi ya pamba, akaweka sponji laini, kisha akaanza kufunga bendeji. Alianza na vidole, kimoja kimoja. Akaja kiganjani, akapanda mpaka karibu na bega. Kiganjani alivuta zaidi, na kila alipopanda alilegeza kidogo. Akamwonya kwamba vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi au vikiuma, afungue mara moja.

Mama Mkasi alidhani mkono uliofungwa ni mkono wa kupumzishwa. Sivyo. Aliambiwa akunje ngumi na kuikunjua, akunje kiwiko, auinue mkono juu, polepole. Misuli ikisukumana na bendeji, majimaji hupanda.

Alikwenda kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Bandu bandu huisha gogo. Kwanza vifundo vya vidole vilijitokeza, ambavyo alikuwa amevisahau. Baadaye bangili ikateleza yenyewe ikatoka.

Nyumbani mume alitakiwa kujifunza kufunga. Mara ya kwanza alifunga kama anaviringa utepe kwenye usukani wa baiskeli, kwa nguvu, kuanzia juu.

"Mimi si gurudumu," mke wake alimwambia. "Fungua, anza tena."

Alifungua. Akafunga. Mke akapitisha kidole chini ya bendeji, kama anavyokagua pindo, akasema hapa umebana, hapa umelegeza, fungua. Mume alifungua mara nyingi kuliko alivyowahi kufungua tairi. Hatimaye siku moja walikwenda kwa mtaalamu na bendeji aliyoifunga yeye. Mtaalamu aliugeuza mkono huku na huku, akauliza amefungiwa hospitali gani. Mume alinyoosha mgongo, akasema, "Nyumbani." Na jioni ile kila aliyeleta baiskeli alisimuliwa.

Lakini bado kulikuwa na kitambaa cha buluu kabatini. Mwalimu mkuu alikuja kuulizia. Wifi alianza kutunga sababu za umeme na cherehani. Mama Mkasi alimnyamazisha kwa macho. Akavua mtandio, akaweka mkono wenye bendeji juu ya meza ya kukatia.

"Mwalimu, sijakata hata koti moja," alisema. "Mkono ulivimba nikauficha. Sasa naupatia tiba. Ukitaka kitambaa chako nitakupa, na sitakulaumu. Ukiningoja, nitakata mwenyewe."

Mwalimu aliutazama mkono, kisha akamtazama mwenye mkono. Alisema nguo mbaya watoto wataivaa miaka mingi, lakini kungoja ni kwa muhula huu tu. Akakiacha kitambaa pale pale.

Tangu siku ile Mama Mkasi hakujitupia mtandio begani tena. Alichora vielelezo vya makoti kwenye karatasi, bendeji ikiwa mkononi. Wifi akakata bitana, kitambaa cha ndani ya koti, chini ya macho yake, ulimi nje kwa woga. Bitana hazikuwa mbaya. Mama Mkasi alimwambia hivyo, na wifi akamweleza kila mpita njia.

Uvimbe ulipofika mahali pa kutoshuka tena, ikawa zamu ya kupimwa mkono maalumu wa kubana, wa kuvaa mchana na kuvua wakati wa kulala. Mama Mkasi aliomba ajishonee mwenyewe, maana sasa anajua. Mtaalamu akakataa. Kitambaa chake kinatengenezwa kwa mashine, kila sehemu ina mbano wake uliopimwa, na mbano huo haujulikani kwa kushika.

"Kinyozi hajinyoi, mama."

Mama Mkasi akakubali. Lakini mtaalamu alipozungusha tepu juu ya kiwiko, alishindwa kunyamaza.

"Tepu imelala upande."

Mtaalamu aliangalia kwenye kioo. Kweli ilikuwa imelala. Akainyoosha, akapima upya, akaandika.

"Asante, fundi," alisema. Na kuanzia hapo hakumwita tena mama.

Mkono wa kubana ulipofika, ulikuwa wa rangi ya udongo. Wifi akapendekeza nguo za mikono mirefu ili usionekane. Mama Mkasi alijikatia gauni la mikono mifupi.

Asubuhi iliyofuata alitandaza kitambaa cha buluu. Mume aliacha baiskeli akasimama mlangoni. Wifi alishika pasi bila kuiwasha. Vidole viliingia kwenye mkasi, na mkasi ukaenda.  Sauti ya mkasi tu, ikikata kitambaa kizito bila kusita, kutoka bega mpaka pindo.

Mambo dukani yalibadilika. Mama Mkasi alivaa kastabini kidoleni kila aliposhika sindano, yeye aliyekuwa akiwacheka wanaovaa. Pasi ya moto ikawa ya wifi, na majora mazito ya mume. Kila alipokata kwa muda, aliweka mkasi chini, akainua mkono juu ya mto, akakunja na kukunjua ngumi. Wateja wenye haraka walingoja. Jioni aliosha mkono, akaukausha hadi katikati ya vidole, akapaka losheni, akaukagua kama una mkwaruzo wowote. Alijua wekundu au homa ikirudi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kulikuwa na jambo lingine. Mtu ambaye kwapa lake limemsumbua hulifikiria kwapa tofauti. Kwenye kila koti alikata shimo la mkono lisilobana, akaongeza kipande cha pembe nne chini ya kwapa. Wifi alilalamika kwamba ni kazi ya ziada isiyoonekana.

"Itaonekana," alisema fundi.

Siku ya kufungua madarasa, wazazi walijaa uwanjani. Bendi ikatoka. Makoti ya buluu yalikaa mabegani kama yamemiminwa. Kisha wapiga ngoma wakainua mikono yao juu kabisa, wote pamoja, na hakuna koti hata moja lililopanda, wala kola iliyosogea. Mikono ikashuka, ngoma ikalia, watu wakashangilia.

Mwalimu mkuu alipomshukuru fundi aliyeshona, Mama Mkasi alisimama, akainua mkono wa kulia ili aonekane alipo, mkono wenye vazi la rangi ya udongo. Aliuacha juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wifi tayari alikuwa anawaeleza walio nyuma kuwa bitana alikata yeye.

Watu walipoanza kutawanyika, fundi wa ng'ambo ya barabara alimfuata Mama Mkasi. Alikuwa ametazama makoti yale tangu mwanzo, bila kupiga makofi, kwa macho ya mtu wa kazi.

"Pale kwapani," alisema. "Mimi nimeshona makoti tangu nikiwa kijana, na yote hupanda mtu akiinua mkono. Umefanyaje?"

Hakuwa amewahi kumuuliza kitu tangu wafungue maduka yao.

"Njoo dukani kesho, nikuonyeshe," alijibu Mama Mkasi. "Ila uje asubuhi. Mchana mkono wangu unapumzika, na haupokei wageni."